Kisiki cha Tsawe

Kila mwaka Februari ilipofika, jua la kaskazi likishamaliza nyasi zote, kisiki kile kilijitokeza tena. Kilikuwa kimebaki kiasi cha shubiri moja juu ya ardhi, mti mgumu uliowashinda mchwa. Kilikuwa kimekatwa kutoka pande mbili ambazo hazikukutana vizuri, katikati ikabaki ngazi ndogo, upande mmoja juu, upande mwingine chini. Sisi watoto tulikatazwa kukikalia. Mbuzi akikisogelea, hawe, bibi yangu mzaa baba, aliinuka kwenye mkeka wake, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kuwainukia mbuzi, akamfukuza kwa fimbo.

Hapo ndipo alipokuwa amesimama tsawe.

Kwetu ni bara ya Kilifi, ukiipita Ganze kuelekea Bamba, nchi ya miiba na vumbi jekundu, ambako mtu huanza salamu kwa kuulizia mvua. Tsawe, babu yangu mzaa baba, alifariki kabla sijazaliwa. Alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee kinachoingiwa kwa ada na karamu, na mtu wa Gohu haondoki hivi hivi. Wengine wakifa huwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na mapambo mengi. Mtu wa Gohu huchongewa kigango. Wala hachongewi siku ya matanga. Hungojewa mpaka mwenyewe aje kudai: amtokee mtu wa nyumbani kwake ndotoni, au maradhi yaingie bomani, waganga waulizwe, nao waseme kuwa fulani anataka mahali pake. Yeye alimjia hawe usiku mara tatu, amesimama mlangoni bila kuingia. Fundi akaitwa.

Niliyemjua mimi, basi, ni tsawe wa mti. Alikuwa ubao mrefu bapa wenye kichwa cha duara, kifua na tumbo vimechorwa pembetatu ndogo ndogo mstari chini ya mstari, zimetiwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, na shingoni amefungwa vitambaa. Alikuwa mrefu kuliko baba. Alisimama penye kivuli pembeni mwa boma, si juu ya kaburi, na hawe alimpelekea tembo la mnazi lililotoka Kaloleni kwenye kibuyu. Akimmwagia, alimpa habari: nani ameoa, nani anakohoa, nani kaenda Mombasa hajaandika barua. Kigango kikishasimamishwa hakihamishwi. Hata watu wakihama wakajenga kwingine, chenyewe hubaki pale pale, kioze kwa wakati wake.

Shuleni tulifundishwa kwamba kigango ni cha ngeli ya ki-vi: kigango kimesimama, vigango vimesimama. Hawe hakuijua ngeli hiyo. Yeye alisema amesimama, amelowa, ana kiu. Na asubuhi moja ya mwaka 1983, alipotoka na kibuyu chake akakuta kisiki, alisema neno moja, akalirudia mpaka jua likatua: "Amechukuliwa."

Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka unga wa msumeno, laini, mweupe kuliko udongo, na jinsi hawe alivyouzoa kwa viganja akautia kwenye ncha ya leso yake, akapiga fundo. Nakumbuka baba na wazee wawili wakifuata nyayo mpaka njia ya gari, na hapo nyayo zikaisha. Nakumbuka pia kwamba majuma mawili baadaye baba mdogo alirudi kutoka Malindi na baiskeli. Ilikuwa kuukuu lakini imepakwa rangi upya, na sisi watoto tuligombania kukaa nyuma kwenye kerea. Hawe hakukubali maji yake yabebwe na baiskeli ile hata siku moja. Kisima kilikuwa mbali, na alishakuwa mzee, lakini aliendelea kujitwika mtungi wake. Nilidhani anaogopa mashine.

Mwaka 1996 nilipata kazi ya ukarani katika ghala la makumbusho moja ya pwani. Sikwenda kwa sababu ya tsawe. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na hati nzuri ya mkono. Ghala lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha madogo, kinanuka nafthalini na mti mkavu, rafu zake zimejaa vyungu, mikuki, ngoma, viti, milango ya nakshi iliyolala chali. Kazi yangu ilikuwa kunakili rejista ya zamani, ambayo karatasi zake zilikuwa zinamomonyoka, na kuihamishia kwenye kadi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, mtu wa kanzu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alinipa kijiko cha mti akaniambia nikieleze. Nikaeleza mpini, nikaeleza nakshi. Akakipindua. Nyuma palikuwa na namba ya chaki iliyofifia, juu yake namba ya wino, juu yake tena kikaratasi cha gundi chenye bei. "Umeniambia kilivyo," akasema. "Sasa niambie kimepita mikononi mwa nani."

Neno alilolitumia ni silsila. Alilichukua chuoni, ambako mwalimu humtaja aliyemsomesha, na huyo aliyemsomesha yeye, mpaka mlolongo ufike mwanzo. Kitu nacho kina silsila yake, akasema: aliyekitengeneza, aliyekitumia, aliyekirithi, aliyekiuza, aliyekinunua, aliyekitoa zawadi. Mkono mmoja ukikosekana, weka nafasi tupu kwenye kadi, usiiruke. Alikuwa mkali sana juu ya nafasi tupu. Makarani waliotutangulia walizijaza kwa maneno ya kupendeza, na yeye alizifuta moja moja, akaacha mistari mitupu, akasema kuwa mstari mtupu ni mwaminifu.

Katika kunakili huko ndipo nilipoanza kuliogopa neno "kimepatikana". Rejista ilijaa neno hilo na ndugu zake. Kiti, kimepatikana Lamu. Ngoma, imepatikana Mto Tana. Ukisema kitu kimechukuliwa, angalau msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Ukisema kimepatikana, hakuna aliyefanya lolote. Kitu kimejileta chenyewe, kama embe lililoanguka. Sikumwambia mzee wangu, lakini kila nilipoliandika neno lile nilimsikia hawe akisema lake.

Siku moja nikafika kwenye mstari wa kigango. Kilikuwa kimenaswa mpakani kabla hakijatolewa nchini, na maelezo yake yote yalikuwa haya: "Nguzo ya ukumbusho. Wagiriama. Mti." Nikaenda kukitazama rafuni. Nilisimama mbele yake kwa muda, nikiona haya, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mkwe wake hajavaa. Watu wawili walijua jina lake: aliyemwota na aliyemchonga. Sasa alikuwa namba. Mzee wangu akanikuta hapo, akauliza kuna nini, nikamwambia habari za kisiki chetu. Hakusema pole. Aliuliza: "Kimekatwa au kimeng'olewa?"

Hapo ndipo nilipojifunza kuanza miguuni. Kigango kilichong'olewa huwa na mguu mzima, na mguu huo una mstari ambapo udongo uliishia, chini rangi moja, juu rangi nyingine, na mstari huo hukueleza kilizama kiasi gani na udongo ulikuwa wa namna gani. Kilichokatwa hakina mguu. Mguu wake umebaki kwao. "Basi nyinyi," mzee akasema, "mna nusu ya hati. Nusu nyingine iko kwa aliyenacho."

Katika miaka hiyo hiyo ilitufikia habari ya familia moja ya Kilifi, ambayo baadaye ilienea duniani. Mwaka 1985, katika kijiji cha Kakwakwani, mwanaanthropolojia wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha Kalume Mwakiru amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango vile vikaibwa. Mwakiru alimwomba Udvardy amsaidie kuvitafuta, naye Udvardy hakuwa na kitu cha kumpa ila ile picha. Ilikaa miaka. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wanazuoni wa mambo ya Afrika huko Marekani, mwenzake Linda Giles alikuwa akionyesha picha za vigango vilivyomo katika makumbusho ya huko. Udvardy akakitambua kimoja. Kilikuwa kati ya vile vilivyokuja kuwekwa katika Illinois State Museum. Cha pili kilionekana baadaye, katika makumbusho ya Hampton University, Virginia. Wakishirikiana na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliendelea kuhesabu, wakakuta mamia ya vigango katika makumbusho 19 ya Marekani.

Sikulala vizuri siku niliyoisikia habari ile. Mamia! Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba aliyechukuliwa ni tsawe wangu na wengine wachache wa jirani. Vilikwenda kupitia maduka ya vinyago ya Mombasa na Malindi, na madalali wa Nairobi, na wauzaji wa sanaa huko ng'ambo, mpaka kwenye sebule za matajiri, na kutoka sebuleni vikatolewa zawadi kwa makumbusho. Makumbusho ya sayansi ya Denver yalipokea vigango 30 mwaka 1990, zawadi ya watu wawili wa sinema, mmoja wao mwigizaji Gene Hackman. Siamini kwamba watu hao walijua. Lakini silsila yao ilianzia dukani, na kabla ya duka palikuwa na nafasi tupu ambayo hakuna aliyeiuliza.

Vigango viwili vya Kakwakwani vilirejeshwa, na tarehe 20 Juni 2007 vikapokewa kijijini kwa sherehe. Mwakiru mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameshafariki. Siku hiyo nilikuwa kazini, nikaisoma gazetini kesho yake. Nilinunua nakala mbili, nikapanda matatu ya Ganze. Hawe alikuwa haoni vizuri tena. Nikamsomea, nikimgeuzia Kigiriama mstari kwa mstari. Nilipofika mahali panaposema kuwa picha ndiyo iliyokuwa ushahidi, akanisimamisha.

"Sisi tulimpiga picha?"

"Hapana, hawe."

Akanyamaza kidogo. Baba mdogo alikuwa ameketi kizingitini akisuka kamba, na kamba ikasimama mkononi mwake. "Basi endelea kusoma," hawe akaniambia.

Msimu wa kiangazi uliofuata nilichukua likizo yangu yote kwa mkupuo, nikatembea. Nilikuwa na faili la picha za vigango, nyingine nimezitoa katika vitabu na katalogi, nyingine nimetumiwa na watu wema waliojibu barua zangu. Nilikwenda boma kwa boma, Ganze, Vitengeni, Bamba, nikirudi Kaloleni na Mariakani, alfajiri kwa miguu na mchana nikijibanza kwenye vivuli. Nikipewa maji nakunywa, naulizwa ukoo wangu, natoa ukoo wangu mpaka mahali panapokutana na wao, kisha ndipo nafungua faili.

Nilikwenda nikidhani nitauliza na kuandika majibu. Kumbe wazee hawakuzitazama picha kama ninavyozitazama mimi. Mimi nilihesabu pembetatu. Wao walitazama bega. "Huyu kachongwa na mtu wa kushoto," mzee mmoja aliniambia, akaniwekea kidole mahali ambapo mikato yote ililalia upande mmoja, na akamtaja fundi wa mkono wa kushoto aliyekufa zamani, na maboma matatu aliyoyafanyia kazi. Nikaandika yote matatu. Mzee mwingine alikataa kufungua faili kabla hajamwaga maji kidogo chini, maana hakuona kwa nini watu wazima watatu watazamwe bila kusalimiwa. Mama mmoja wa Vitengeni alipitia picha zote pole pole, akafika mwisho, akanirudishia. "Wetu hayumo," akasema. "Lakini huyu wa nne nimemwona. Alikuwa njia ya kisimani nilipoolewa." Akanipeleka mpaka kwenye shimo. Lilikuwa limejaa majani makavu, na bado lilikuwa na umbo la mguu bapa, pana huku, jembamba huku. Nikalipima kwa utepe. Kwa sababu ya shimo lile peke yake, kadi moja katika faili langu ina jina la marehemu, jina la mkewe, na jina la fundi.

Lakini kulikuwa na maboma ambako mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka ninapouliza kilivyoondoka. Hapo kijana fulani aliinuka akaenda kuwatazama ng'ombe. Au mama alikumbuka chungu jikoni. Mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya nne nilielewa, na nikaona aibu kwa kuchelewa. Mnunuzi hakuja usiku na tochi kutafuta kigango katika vichaka asivyovijua. Alikaa mjini, akangojea aletewe. Aliyekileta alikijua kilipo, alizijua nyakati za watu wa boma kulala, na mara nyingi alikuwa na njaa, au karo ya mtoto, au hamu ya redio. Ilikuwa miaka ya ukame. Fedha waliyolipwa ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na maelfu ya dola ambayo kitu kile kile kilikuja kuuziwa ng'ambo. Lakini mkononi mwa kijana wa Bamba haikuwa ndogo.

Nilirudi kwetu mwisho wa likizo, jioni. Nikatandaza karatasi kubwa juu ya kisiki cha tsawe, nikasugua kwa mkaa, kama alivyonifundisha mzee wangu, mpaka sura ya mti ikajichora: ubapa wake, ufa mmoja mrefu, kona iliyomeguka, na ile ngazi katikati. Baba mdogo alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa mtu wa mvi sasa, ameacha pombe, mzee wa kanisa.

"Unafanya nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba mahali fulani duniani pana kigango ambacho mguu wake una ngazi kama hii lakini kinyume, kama unyayo na alama yake mchangani. Nikamwambia kwamba ngazi hii ndiyo picha yetu.

Akachuchumaa. Akaigusa ngazi kwa kidole gumba.

"Nilianzia huku," akasema. "Msumeno ukabanwa. Nikazunguka."

Kuna mambo ambayo mtu huyajua miaka mingi bila kuyapa ruhusa ya kuwa maneno. Sikushtuka. Nilihisi tu baridi kwenye viganja, na mkaa ukaanguka. Akaendelea kusema, haraka, akitazama chini. Kwanza alikuwa amejaribu kuchimba, lakini ardhi ilikuwa kama mawe. Msumeno aliuazima kwa fundi seremala wa sokoni, akamwambia anataka kukata boriti. Kile kibao alikizungushia mkeka, akakibeba begani mpaka njiani, ambako gari lilikuwa linangoja. Mnunuzi alikitazama kwa tochi, akakasirika kwa sababu kimekatwa, akapunguza bei. Hakuuliza ni cha nani. "Angeuliza ningemwambia," baba mdogo akasema, "na nadhani ningeshindwa kukitoa." Kisha akasema: "Mama alijua. Tangu siku ya baiskeli alijua."

Nilikaa na maneno yale siku nyingi. Nilikuwa nimewadai watu wa Denver na Illinois na Virginia wataje kila mkono uliopita, nimewaandikia barua kwa Kiingereza changu cha shule, nikiwaambia kwamba nafasi tupu katika rejista yao ni jeraha kwetu. Sasa mkono wa kwanza katika silsila ya tsawe nilikuwa naujua. Ni mkono ulionifundisha kupanda baiskeli. Ningeweza kuandika "kiliibwa 1983", ikawa kweli, na nafasi ikabaki. Nilimwendea mzee wangu wa kazi, ambaye alikuwa ameshastaafu, anauza vitabu vya dini barazani kwake. Nilimweleza yote. Alivua miwani akaifuta kwa kanzu. "Ukiwaficha wako," akasema, "utawezaje kuwaamini wao wakikwambia hawajui?"

Niliandika kadi. Nilimsomea baba mdogo kabla sijaihifadhi, naye akasahihisha jambo moja: mkeka haukuwa wa ukindu, ulikuwa wa miyaa ya mkoma. Jina lake limo. Chini yake ni nafasi tupu ya mtu wa gari, kisha nafasi nyingine, kisha nyingine.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbele, kwa kiasi. Denver waliamua mwaka 2014 kuvitoa vile vigango 30, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakavipokea miaka mitano baadaye. Illinois State Museum walirejesha 37 vilivyobaki kwao mwaka 2023. Kati ya 2018 na 2021 wataalamu wa Nairobi, wakishirikiana na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, waliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za nje. Nafurahi, na nasema hivyo kwa moyo wote. Lakini watu husherehekea ndege ikitua, wakadhani safari imekwisha. Kigango kilichofika Nairobi bila jina kimefika nchini tu, hakijafika kwao. Kipo ghalani kama kilivyokuwa ghalani. Kutoka rafu hiyo mpaka penye shimo lake ni kazi ya mtu kutembea kwa miguu na faili, akinywa maji ya watu, na wazee wanaoweza kutambua bega la fundi wa kushoto wanapungua kila mwaka. Hawe alifariki mwaka 2011. Tulimkuta na leso ile kuukuu chini ya godoro, fundo lake halijafunguliwa.

Ugumu wangu mimi ni mdogo, nao ni huu: makumbusho hupiga picha uso. Katalogi zote nilizopitia, uso, pengine na mgongo. Mguu hufichwa ndani ya kishikio cha chuma, ili kitu kisimame vizuri mbele ya wageni. Kwa hiyo naandika barua, sasa kwa barua pepe, nikiomba jambo ambalo wengi huliona la ajabu: tafadhali kitoeni kwenye kishikio, mkipige picha chini. Wengine hawajibu. Wengine wamejibu kwa upole mkubwa, wakatuma picha na vipimo, hata bila kuulizwa mara ya pili. Mmoja alitanguliza swali kabla ya picha: marehemu aliitwa nani, ili amtaje anapokigusa. Barua hiyo nimeihifadhi.

Picha ya mwisho ilifika mwezi wa Januari. Niliichapisha kwa ukubwa wake halisi, nikaenda nayo nyumbani pamoja na ile karatasi ya mkaa. Baba mdogo haendi tena kanisani kwa miguu, hubebwa kwa pikipiki, lakini alitoka nje mwenyewe na fimbo yake, akaketi kwenye kigoda karibu na kisiki. Nyasi zilikuwa zimeanza kukauka. Tulilaza karatasi juu ya karatasi na kuinua juani. Ubapa ulikaribiana. Kona ilikuwa imemeguka, hata pumzi ikanikwama. Lakini mkato ulikuwa mmoja, umenyooka kutoka huku mpaka huku, kazi ya mtu ambaye msumeno wake haukubanwa.

Baba mdogo aliutazama mkato ule kwa muda mrefu, karatasi imekaribia pua yake. Akanirudishia.

"Huyu siye," akasema. "Niletee mwingine."